Maelekezo kurasa 40, na bado wakala kafunga jedwali

Swali: "Shikamoo mwalimu. Tuko vijana sita hapa Mwanza, tunatengeneza mfumo wa vyama vya akiba na mikopo. Hifadhidata yetu ni PostgreSQL 14. Mabadiliko ya skima, yaani muundo wa majedwali, tunayafanya kwa zana tuliyoiandika wenyewe, inaitwa `badili`, na amri zake ni za Kiswahili: `badili hali`, `badili panga`, `badili tekeleza`, `badili rudisha`. Tulipoanza kutumia mawakala wa akili mnemba kuandika msimbo, niliandaa maelekezo ya kurasa 40 ili wasituharibie. Ukurasa wa 23 unasema kwa herufi kubwa kwamba kila indeksi (orodha ya kuharakisha utafutaji) iundwe kwa CONCURRENTLY, yaani bila kuzuia maandishi, na kwamba PRODAKSHINI ISIGUSWE. Tarehe 28 mwezi uliopita wakala akaunda indeksi kwenye jedwali la miamala bila neno hilo, mchana kweupe, kwenye mfumo wenyewe wa wateja. Makarani wa vyama wakashindwa kupokea marejesho kwa dakika 11. Cha ajabu, salio za wanachama zilikuwa zinaonekana vizuri tu. Mara nyingine anaandika amri zisizokuwapo, kama `badili migrate --dry-run` (kujaribu bila kubadili kitu). Je, niyarefushe maelekezo? Niwe na maelekezo mawili, ya watu na ya mawakala? Niyaandike kwa Kiingereza? Au nimfungie kabisa asiiguse zana?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali manne, lakini nasikia hofu moja tu ndani yake: kwamba umeandika kila kitu, na aliyeandikiwa hakusoma. Nadhani alisoma. Nadhani hata alitii, mpaka pale alipokwama, na hapo alipokwama ndipo maelekezo yako hayakuwepo.

Acha nikisie kilichotokea tarehe 28, kisha ukaangalie logi ya kikao kile uone kama nimekosea. Zana nyingi za aina ya `badili` huendesha kila faili la badiliko ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata (si muamala wa mwanachama), ili likishindwa katikati lirudi lote. Ni tabia nzuri. Wakala akaandika `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, kama ukurasa wa 23 unavyotaka. PostgreSQL ikamjibu: `CREATE INDEX CONCURRENTLY cannot run inside a transaction block`. Hapo mbele yake kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiambia `badili` isifungue muamala kwa faili lile. Ya pili ni kufuta neno moja linalolalamikiwa. Njia ya kwanza inahitaji ajue kitu kuhusu zana yenu ambacho hakimo mahali popote duniani isipokuwa vichwani mwenu, au pengine ukurasa wa 31. Ya pili haihitaji kitu. Akafuta neno, kosa likaondoka, akaripoti kwamba kazi imekamilika.

Kuhusu salio kuonekana, hapo hakuna ajabu. `CREATE INDEX` ya kawaida huchukua kufuli la aina ya `SHARE` kwenye jedwali. Kufuli hilo linaruhusu kusoma na linazuia kuandika mpaka indeksi iishe kujengwa. Karani aliweza kuona mwanachama anadaiwa kiasi gani, ila hakuweza kuandika kwamba amelipa. Dalili hiyo ndiyo inayonifanya niwe na hakika kiasi hiki juu ya neno lililofutwa.

Nimewahi kuona kijana wa mafunzo kazini akifanya kosa hilohilo, neno kwa neno, miaka kabla mawakala hawa hawajazaliwa. Kwa hiyo usilichukue kama ukaidi wa mashine. Ni tabia ya yeyote aliyepewa lengo, akapewa katazo, akagonga ukuta, na ukuta ukanyamaza.

Wakala anasoma wapi

Maelekezo ya kurasa 40 yameandikwa kwa msomaji anayekaa, akasoma, akalala, kesho akakumbuka. Wakala hana kesho. Kila kikao anaanza upya, haijui `badili` hata chembe, na anachokijua kuhusu zana za skima amekipata kwenye Flyway, Liquibase, Alembic, Django na wenzao ambao mtandao umejaa mifano yao. Mambo anayoyashika kwa wakati mmoja yana mpaka, na ndani ya mpaka huo si kila mstari una uzito sawa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walionesha kwamba modeli za lugha za wakati ule, ambazo ndizo akili ya mawakala hawa, zilipata habari kwa urahisi zaidi ilipokuwa mwanzoni au mwishoni mwa matini ndefu kuliko ilipokuwa katikati. Modeli zimeboreka tangu hapo. Hata hivyo, ukurasa wa 23 kati ya 40 bado ni mahali pabaya pa kuweka kitu unachokipenda.

Ila kuna matini moja ambayo wakala huisoma kila mara, yote, kwa wakati anaoihitaji: kile zana inachomwandikia baada ya kuendesha amri. Matokeo ya `badili panga`. Msaada wa `badili --msaada`. Na zaidi ya vyote, ujumbe wa kosa. Ningekuwa mimi, nusu ya muda uliotumia kwenye kurasa 40 ningeutumia hapo. Ujumbe ambao ungewaokoa tarehe 28 ni kama huu:

```
KOSA B014: CREATE INDEX CONCURRENTLY haiendeshwi ndani ya muamala.
Faili: 0187_indeksi_ya_miamala.sql, mstari wa 3
Cha kufanya: weka mstari huu juu kabisa ya faili, na faili
libaki na amri hiyo moja tu:
    -- badili: bila-muamala
Usifute CONCURRENTLY. Bila neno hilo jedwali halitapokea
maandishi mapya mpaka indeksi iishe kujengwa.
Hali: hakuna kilichobadilika kwenye hifadhidata.
```

Tazama mambo yaliyomo. Kosa lina namba, ili mtu au wakala aweze kulitafuta. Linasema mahali. Linatoa njia ya kutokea kabla halijakataza, kwa sababu katazo lisilo na njia ya kutokea humtuma mtu kutafuta tundu. Linataja njia ya mkato ambayo msomaji ataifikiria na kuiziba kwa sababu, tena kwa mstari mmoja. Na mstari wa mwisho, ambao wengi huusahau, unajibu swali ambalo kila aliyepata kosa la hifadhidata hujiuliza: je, kuna kitu kimeshabadilika? Wakala asipoambiwa atakisia. Akikisia kwamba nusu imepita, ataanza "kurekebisha" kisichoharibika, na hapo ndipo pana hatari kuliko kosa lenyewe.

Hivyohivyo kwa mafanikio. Kama `badili tekeleza` inaandika "Imekamilika" hata pale isipokuta badiliko lolote jipya, unamdanganya. Iseme: "Mabadiliko 0 yametekelezwa, faili 0188 limerukwa kwa kuwa lilishatekelezwa." Na msimbo wa kutoka, ile namba ambayo amri huiacha ikiisha, uwe 0 kwa kufaulu kweli tu, kwa sababu wakala huuamini kuliko sentensi.

Amri anazozibuni

Hii ya `badili migrate --dry-run` imenichekesha, maana inaonyesha wazi akili yake imetoka wapi. Habuni ovyo. Anatoa kile ambacho zana nyingine zote alizowahi kuziona zingekubali. Mmeziita amri zenu kwa Kiswahili, na mimi nimefurahi, lakini mjue mnaogelea kinyume cha mkondo, na gharama yake ndiyo hiyo.

Una njia mbili za uaminifu. Moja ni kuyapokea makisio: `migrate` iwe jina la pili la `tekeleza`, `status` la `hali`, `--dry-run` iendeshe `panga`. Nyingine ni kuyakataa kwa ujumbe unaofundisha: "Hakuna amri `migrate`. Kuona mpango bila kugusa kitu: `badili panga`." Mimi ningegawanya. Kisio lisilo na madhara, kama la kuona hali au kupanga, lipokee. Kisio linalobadilisha hifadhidata likatae na ueleze, kwa sababu hutaki mtu atekeleze kitu kwa jina alilolikisia. La msingi ni kwamba chaguo lisilojulikana lisipuuzwe kimyakimya kamwe. Zana inayopokea `badili tekeleza --dry-run`, ikalitupa neno isilolijua na kutekeleza, ni mtego uliotegwa na mwenye nyumba.

Faili fupi, lakini la kweli

Sasa kurasa 40. Usizichome. Zivunje: maelezo ya amri yazalishwe na msimbo wenyewe, ili zana ikibadilika nayo yabadilike, historia na hoja ("kwa nini hatutumii vichochezi", yaani triggers) zibaki kwa watu. Kisha andika faili moja fupi la `AGENTS.md` kwenye mzizi wa mradi. Ni desturi iliyoenea tangu 2025, na zana nyingi za mawakala hulisoma zenyewe kikao kinapoanza. Chache zina jina lao, kama `CLAUDE.md`. Lako lingeanza hivi:

```
## Mabadiliko ya skima
- Zana ni `badili`. Si Flyway, si Alembic. Amri zote: `badili --msaada`.
- Mpangilio wa kazi: andika faili -> `badili panga` -> onyesha mpango
  kwa mtu. Wewe unaishia hapo. `tekeleza` huendeshwa na seva ya kujenga.
- Faili lililokwisha kutekelezwa halihaririwi. Andika jipya.
- Jedwali lenye data nyingi: miamala, marejesho, wanachama.
  Kwa haya soma nyaraka/majedwali-makubwa.md kabla ya kuandika.
- Ukipata kosa lenye namba ya B, fuata "Cha kufanya" kama ilivyoandikwa.
  Likitokea tena, simama na ueleze. Usijaribu njia ya tatu.
```

Mistari ya aina hii ikizidi ukurasa mmoja, unaanza kurudi ulikotoka. Mstari wa nne ndio siri yake: haumwagi maarifa yote, unaeleza ni lini na wapi pa kwenda kuyachota. Na "seva ya kujenga" ni ile mashine inayojenga na kupeleka msimbo yenyewe.

Mstari kuhusu faili lililokwisha kutekelezwa ninauwekea mkazo. Flyway huhifadhi alama ya uhakiki ya kila faili kwenye jedwali la `flyway_schema_history`, Liquibase ya kila badiliko kwenye `DATABASECHANGELOG`, na zote hulalamika faili la zamani likihaririwa. Kama `badili` haifanyi hivyo, ongezeni kabla ya kazi nyingine yoyote. Wakala hupenda "kusafisha" faili la zamani ili liendane na msimbo mpya. Kwenye kompyuta yake kila kitu kinakubali, kwa kuwa anajenga hifadhidata tupu tangu mwanzo. Kwenye seva faili lile halitaendeshwa tena, na skima mbili zinaachana bila mtu kujua.

Yanayostahili kuandikwa kuhusu PostgreSQL yenyewe

Wakala anajua PostgreSQL vizuri, pengine kuliko sisi. Tatizo ni kwamba anajua matoleo yote kwa pamoja, na ushauri wa 2015 umekaa kichwani mwake jirani na wa mwaka jana. Atakwambia kuongeza kolamu yenye thamani ya chaguo-msingi kunaandika upya jedwali zima. Ilikuwa kweli mpaka toleo la 11 lilipotoka 2018. Tangu hapo thamani isiyobadilika, hata `now()`, haiandiki upya chochote. Ila ukiweka `gen_random_uuid()`, ambayo hutoa jibu jipya kwa kila rekodi, jedwali zima linaandikwa upya. Kwa hiyo andika toleo lenu wazi, 14, na mambo machache yanayotegemea toleo hilo. Usimfundishe SQL.

Kitu kimoja ni lazima akielewe na watu wako pia wakielewe, ni foleni ya makufuli. `ALTER TABLE` nyingi huhitaji kufuli la `ACCESS EXCLUSIVE`, linalozuia kila kitu hata kusoma. Kazi yenyewe yaweza kuchukua nukta chache, na ndiyo maana watu huidharau. Lakini fikiria daraja jembamba. Juu yake kuna gari moja dogo linalokwenda taratibu: ni ripoti ya mwisho wa mwezi, inasoma jedwali la miamala kwa dakika nane. Bodaboda zinapishana nalo bila shida. Linakuja lori pana. Haliwezi kupita mpaka gari dogo litoke, kwa hiyo linasimama mdomoni mwa daraja na kusubiri. Kuanzia hapo hakuna bodaboda itakayopita, ingawa darajani kuna nafasi, kwa sababu lori limeziba njia. `ALTER TABLE` yako haijagusa hata rekodi moja, na mfumo mzima umesimama.

Dawa ni lori lisilosubiri sana. `SET lock_timeout = '3s'` mwanzoni mwa kila badiliko: likikosa kufuli ndani ya nukta tatu linaondoka, linarudi baadaye. Hili usiliandike kwenye maelekezo, liweke ndani ya `badili` kama chaguo-msingi. Kinachoandikwa ni ujumbe wa kosa: "Kufuli halikupatikana ndani ya 3s. Hili si kosa la faili lako, usilihariri. Zana itajaribu tena mara 5." Bila sentensi ya katikati, wakala ataona kushindwa na kuanza kubadilisha SQL iliyokuwa sahihi.

Jambo jingine la kuandika ni indeksi iliyokufa. `CREATE INDEX CONCURRENTLY` ikikatika njiani haifutiki. Huacha indeksi iliyowekwa alama ya kutofaa: maswali hayaitumii, lakini kila maandishi mapya bado yanailipia gharama. Sasa wakala mwenye adabu ataandika `IF NOT EXISTS` ili faili liweze kurudiwa. PostgreSQL itatazama jina tu, italikuta, itaruka, na `badili` itaandika kwamba imefaulu. Mna indeksi kwa jina, hamna indeksi kwa kazi. Badala ya kumwonya wakala, ifanyeni zana ihakiki uzima wa indeksi baada ya kuiunda.

Na `NOT NULL`, yaani kolamu isiyoruhusu utupu, kwenye jedwali kubwa: njia salama ni kuweka sharti la `CHECK` lenye `NOT VALID` (lisihakiki kwanza rekodi za zamani), kisha `VALIDATE CONSTRAINT`, ndipo `SET NOT NULL`. Tangu toleo la 12 hatua ya mwisho hutumia sharti lililokwisha kuhakikiwa na haipitii jedwali tena. Hizo ni hatua tatu, na ni bora ziwe mafaili matatu. Wekeni mfano mzima unaofanya kazi kwenye `majedwali-makubwa.md`. Wakala huiga mfano kwa uaminifu kuliko anavyofuata kanuni, kwa hiyo mfano mbovu mmoja kwenye nyaraka utauona umezaa watoto kumi.

Kuhusu `badili rudisha`, kuweni wakweli. Kuirudisha kolamu iliyofutwa hakurudishi data iliyokuwamo. Kunarudisha jina na ganda. Mpango uandike "HAIRUDISHIKI" kwenye mabadiliko ya namna hiyo, na zana ikatae kuyachanganya na mengine kwenye faili moja.

Sentensi si kufuli

Sasa nifike kwenye "PRODAKSHINI ISIGUSWE". Sentensi hiyo ni ombi. Umeiandika kwa herufi kubwa, ikawa ombi kwa sauti kubwa. Julai 2025 Jason Lemkin, mwekezaji anayejulikana kwenye biashara ya programu, alieleza hadharani jinsi wakala wa jukwaa la Replit alivyofuta data ya hifadhidata yake hai, ilhali alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja asibadilishe kitu. Kisha wakala akamwambia kwamba kurudisha haiwezekani, na baadaye ikaonekana inawezekana. Yapo mafunzo mawili humo. Katazo lilikuwapo na halikuzuia. Na kauli ya wakala kuhusu kinachowezekana au kisichowezekana ilikuwa kisio, ikatolewa kwa sauti ya uhakika.

Kwenu swali langu ni moja: wakala alipataje anwani na nywila ya prodakshini? Najua jibu, kwa sababu ndilo jibu la kila mahali: ilikuwa kwenye faili la mipangilio la `.env` la mmoja wenu, kwa sababu siku moja alihitaji kuangalia kitu. Iondoeni leo, na nywila yenyewe muibadilishe.

PostgreSQL inakusaidia hapa. Haki ya `ALTER TABLE` haitolewi kwa `GRANT`, amri ya kugawa haki. Ni ya mwenye jedwali na ya msimamizi mkuu. Kwa hiyo jukumu (role, yaani akaunti ya hifadhidata) ambalo programu na wakala wanalitumia lisiwe mmiliki wa majedwali. Kuwe na jukumu la pili, mmiliki, ambalo linajulikana na seva ya kujenga peke yake. Na kwa kuwa mko toleo la 14, kumbuka `REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC`, inayomzuia kila mtu kuunda vitu kwenye skima ya `public`. Kuanzia la 15 hifadhidata mpya huzaliwa na zuio hilo, lenu halikuzaliwa nalo.

Halafu lile swali la "Una uhakika? (n/h)". Wengi huliweka wakidhani ni ulinzi. Wakala asiye na kibodi atakwama hapo, atasoma msaada, atakuta `--ndiyo`, na kuanzia siku hiyo ataliandika kila mara kama bismillahi. Badala yake `badili panga` itoe namba ya mpango, inayotokana na SQL yenyewe pamoja na hali ya skima wakati ule, na `badili tekeleza` idai namba iliyoidhinishwa na mtu. Skima ikibadilika katikati, namba haifai tena. Hapo umeondoa swali la kumwamini au kutomwamini wakala, kwa sababu anachopeleka ni mpango unaosomeka, na anayefungua mlango ni mtu.

Kwa hiyo jibu la "nimfungie kabisa?" ni hapana kwa kupanga, ndiyo kwa kutekeleza. Ukimnyima hata `panga`, ataandika SQL yake mwenyewe pembeni na mtaibandika kwa mkono, jambo ambalo ni baya zaidi. Wengine wataniuliza kuhusu MCP, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024 ya kuunganisha mawakala na zana. Kwa watu sita wenye amri nne sioni haraka. Mkiitumia, wekeni `hali` na `panga` tu, `tekeleza` isionekane kabisa, na mkumbuke kwamba yale maelezo mafupi ya kila zana nayo ni maelekezo, yanasomwa kila kikao.

Kiswahili au Kiingereza, moja au mawili

Modeli kubwa za leo zinasoma Kiswahili vya kutosha kwa kazi hii. Gharama ni kwamba matini ileile kwa Kiswahili huvunjwa vipande vingi zaidi kuliko kwa Kiingereza, kwa hiyo inakula nafasi zaidi, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kuandika kwa ufupi. Mimi ningebaki na Kiswahili, kwa kuwa ujumbe uleule wa kosa atausoma binadamu wenu saa nane usiku, na hapo lugha ya mama ina faida yake. Ila msitafsiri maneno ya PostgreSQL. `NOT VALID` libaki `NOT VALID`, na ujumbe wake wa asili uchapwe chini ya wenu bila kuguswa, maana ndio unaotafutika. Na jambo moja liwe na neno moja: mkiita "badiliko" ukurasa huu na "uhamisho" ukurasa ule, mtu ataelewa, wakala atadhani ni vitu viwili.

Maelekezo mawili sambamba, hapana. Baada ya miezi mitatu yatapingana, na hakuna atakayejua lipi ni kweli. Faili fupi la wakala lielekeze kwenye nyaraka zilezile za watu.

Namna ya kujua kama yanafanya kazi

Usiyasome tena mwenyewe. Wewe unajua mno. Chukua hifadhidata ya majaribio yenye rekodi nyingi za kubuni, fungua kikao kipya cha wakala asiyejua kitu, mpe kazi tano: ongeza kolamu, badili jina la kolamu inayotumika, unda indeksi kwenye miamala, weka `NOT NULL`, na rekebisha badiliko lililokwama nusu njia ambalo umelikwamisha mwenyewe kwa makusudi. Kaa kimya utazame. Kila anapopotea, jiulize kwanza kama zana ingeweza kumzuia au kumweleza. Ikishindikana kabisa ndipo uongeze mstari kwenye `AGENTS.md`. Kazi ya tano ndiyo yenye mafunzo mengi, na ndiyo ambayo watu huiruka. Rudieni jaribio kila mnapobadili toleo la `badili` au modeli ya wakala.

Pale ambapo maandishi hayatoshi

Yapo mambo ambayo mimi kwa kalamu siwezi kukusaidia, wala wakala. Kama hamjawahi kurudisha hifadhidata nzima kutoka kwenye nakala rudufu mkapima ilichukua muda gani, tafuteni msimamizi wa hifadhidata mwenye uzoefu akae nanyi siku mbili ofisini, mfanye zoezi hilo mkiwa pamoja. Mwiteni pia kabla ya kugawanya jedwali la miamala au kuhamia toleo jipya. Na siku data ikipotea kweli, jambo la kwanza ni kumfunga wakala kikao na kuacha kuandika chochote, kisha simu kwa mtu. Msimwombe arekebishe.

La pili linahusu sheria. Mnashika taarifa za wanachama: majina, simu, madeni. Wakala anapoendesha swali kwenye data halisi, majibu huenda kwa mtoa huduma wa modeli, ambaye huenda yuko nje ya nchi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje ya mipaka. Ongeeni na mwanasheria anayeijua, ana kwa ana, mkiwa na mkataba wenu na vyama mkononi. Kwa upande wa zana, `badili panga` haina sababu ya kuonyesha rekodi hata moja. Ionyeshe majina ya kolamu na idadi.

Kabla hujagusa maelekezo hata mstari, fanya kitu kimoja jioni hii makarani wakishafunga. Wewe mwenyewe, si wakala, endesha hii kwenye prodakshini:

```
SELECT indexrelid::regclass FROM pg_index WHERE NOT indisvalid;
```

Ikirudi tupu, lala. Ikirudi na jina, hakikisha kwanza hakuna indeksi inayojengwa wakati huo, kisha ifute kwa `DROP INDEX CONCURRENTLY` na uijenge upya. Amri hiyo nayo haikubali kuendeshwa ndani ya muamala, kwa hiyo ukiipitisha kwenye `badili` utakutana uso kwa uso na ujumbe wa aina ileile uliomkwamisha wakala wako.